Trigliseraidi Ziko Juu na Hazishuki? Mwongozo Kamili wa Kuzishusha kwa Chakula na Utumbo Wenye Afya

Malalamiko ni yaleyale. Mtu anapimwa, anaambiwa trigliseraidi ziko juu, anarudi nyumbani anaacha nyama, anaacha mayai, mafuta ya kupikia anayapima kwa kijiko, alafu anarudi maabara baada ya miezi mitatu namba iko palepale au imepanda kabisa. Ukimuuliza asubuhi anakunywa nini anakwambia juisi halisi ya matunda, na kwenye chai anaweka asali maana sukari ameshaacha. Hapo tatizo umeshaliona.

Trigliseraidi ni mafuta yanayozunguka kwenye damu, na yanaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni utumbo: ukila mafuta yanameng'enywa, yanafungwa kwenye vifurushi vidogo vinavyoitwa kailomikroni, kisha yanapelekwa kwenye damu. Ya pili ni ini: likiletewa sukari, wanga au pombe kupita mahitaji, linaigeuza ile ziada kuwa mafuta na kuyasukuma nje. Kwa watu wengi mafuta ya mlo wa jana jioni yanakuwa yameshaondoka kwenye damu baada ya masaa 12, kwa hiyo ukipimwa ukiwa umefunga kinachosomeka hasa ni kazi ya ini. Ndo maana unaweza kuacha mafuta yote na namba isitikisike.

Kuna kundi dogo la watu ambao kwao mafuta yenyewe ndo hatari ya haraka. Hao nimewatenga kwenye hatua ya 2 na ya 6, usiziruke.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi ya majibu yote ya lipidi profaili, yaani kipimo cha mafuta ya kwenye damu, sio namba moja uliyoambiwa kwa mdomo. Unahitaji kolestro ya jumla, HDL (kolestro nzuri), LDL (kolestro mbaya) na trigliseraidi (mara nyingi imeandikwa TG au TRIG).
- Majibu ya sukari, na kama inawezekana HbA1c, ambayo ni wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za uzazi wa mpango, za chunusi, na zile "za asili" ambazo hujamwambia daktari.
- Futi kamba ya kupimia kiuno, mzani, na daftari au simu ya kuandikia unachokula na kunywa.
- Kijiko cha chai na kikombe cha kupimia. Hii watu wanaidharau, ila macho yanadanganya sana kwenye mafuta na sukari.

Siku tatu za kwanza usibadilishe chochote. Andika tu kila kinachoingia mdomoni, vinywaji vikiwemo, na usijipendelee. Ile orodha ndo itakuonyesha pa kukata.

## Hatua ya 1: Hakikisha namba ni ya kweli

Mafuta ya mlo yanapanda kwenye damu masaa kadhaa baada ya kula, kwa hiyo ukipimwa baada ya kula vizuri namba inaweza kupanda bila wewe kuwa na tatizo kubwa. Siku hizi sehemu nyingi wanapima bila kufunga na ni sawa tu kwa kuanzia, ila ikisoma 400 mg/dL au zaidi bila kufunga, rudia ukiwa umefunga.

Kufunga maana yake masaa 9 hadi 12 bila chakula, maji matupu ruksa. Chai hapana, kahawa hapana, bigijii hapana. Pombe iache angalau siku nzima kabla, siku mbili tatu ni bora zaidi. Kama umetoka kuumwa, umefanyiwa upasuaji au ulikuwa na maambukizi makali, subiri wiki kadhaa maana mwili ukiwa vitani trigliseraidi zinapanda zenyewe.

Kuna wanaojinyima wiki nzima kabla ya kipimo ili wapate majibu mazuri. Sasa unamdanganya nani? Trigliseraidi zinashuka ndani ya siku chache ukibana chakula, utapata karatasi nzuri alafu unarudi kwenye maisha yako yaleyale. Kula kama kawaida yako, funga usiku mmoja tu.

Umefanikiwa kama: una namba ya kufunga, na ikiwezekana mbili za siku tofauti. Namba hii inaweza kucheza kwa asilimia 20 hivi bila wewe kubadilisha chochote, kwa hiyo kipimo kimoja kisikutie hofu wala kisikupe sherehe.

## Hatua ya 2: Jua uko kundi gani

Maabara zingine zinaandika mg/dL, zingine mmol/L. Kutoka mmol kwenda mg zidisha kwa 88.5. Mfano 3.2 mmol/L ni kama 283 mg/dL. Usitumie 38.7, hiyo ni ya kolestro, na watu wengi wanaichanganya alafu wanajiona wako salama.

- Chini ya 150 mg/dL (1.7 mmol/L): kawaida.
- 150 hadi 199: mpakani.
- 200 hadi 499: juu.
- 500 (kama 5.6 mmol/L) na kuendelea: juu sana.

Makundi ya katikati hatari yake ni ya polepole, yaani moyo, mishipa na ini lenye mafuta. Husikii maumivu, husikii kizunguzungu, na atakayekwambia "mimi zikipanda huwa najua" muache tu. Kuanzia 500 habari inabadilika, na ukivuka 1000 (11.3 mmol/L) hatari ya kongosho kuvimba ghafla inakuwa kubwa.

Sababu ni kwamba kimeng'enya kinachoondoa mafuta kwenye damu ni kilekile kwa mafuta ya utumbo na mafuta ya ini, yote yanapita barabara moja. Foleni ikishajaa, kila gari jipya linaongeza msongamano bila mpangilio, ndo maana mtu wa 700 anaweza kujikuta 2000 baada ya wikiendi moja ya pombe na vya kukaanga. Hapo hata damu ikiachwa itulie kwenye chupa sehemu ya juu inaonekana nyeupe kama maziwa.

Onyo: maumivu makali ya juu ya tumbo yanayochoma hadi mgongoni, pamoja na kutapika, na hasa kama unajua namba yako ni kubwa, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo. Usinywe dawa ya vidonda vya tumbo ukasubiri asubuhi. Kama uko 500 na kuendelea, mwongozo huu ni wa kutumia pamoja na daktari, sio badala yake. Na ukiwa mjamzito usijaribu kujishushia mwenyewe, kwa sababu kwenye ujauzito zinapanda kwa kawaida, hasa miezi ya mwisho, na kuzisimamia ni kazi ya kliniki.

## Hatua ya 3: Tafuta kinachozisukuma kwa nyuma

Hii hatua inarukwa na karibu kila mtu. Unaweza kula vizuri mwaka mzima na usifike popote kwa sababu kuna kitu kingine kinapandisha.

Cha kwanza ni kisukari, kiwe kinajulikana au hakijagunduliwa. Insulini isipofanya kazi vizuri, mafuta yaliyohifadhiwa mwilini yanaachiwa ovyo kwenda kwenye ini, ini linayafunga na kuyatoa, na kile kimeng'enya cha kuyaondoa nacho kinalegea. Sukari ikikaa sawa, trigliseraidi nazo mara nyingi zinashuka zenyewe bila dawa ya ziada.

Alafu kuna tezi ya thairoidi kufanya kazi polepole (omba kipimo cha TSH), figo zinazovujisha protini kwenye mkojo, na ini lenye mafuta.

Kwenye dawa, zinazojulikana kupandisha ni steroidi, vidonge vyenye estrojeni, baadhi ya dawa za presha kama zile za kukojoza za jamii ya thayazidi na baadhi ya beta bloka, dawa za chunusi za jamii ya isotretinoini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama olanzapini na klozapini, na baadhi ya dawa za VVU. Hata kolestiramini, ambayo inashusha kolestro mbaya, inaweza kupandisha trigliseraidi.

Onyo kubwa: usiache dawa hata moja kwa sababu umeiona hapa. Peleka orodha kwa daktari uulize kama kuna mbadala. Kuacha dawa ya presha au ya akili ghafla kunaweza kuwa hatari kuliko trigliseraidi zenyewe.

## Hatua ya 4: Anza na glasi, sio sahani

Kama ungenilazimisha nichague jambo moja tu kwenye mwongozo wote ningechagua hili. Sukari ya kunywa haishibishi, inafika haraka, na karibu nusu yake ni fruktosi ambayo ini ndo linaishughulikia zaidi. Ini likizidiwa linaigeuza mafuta. Soda ya mililita 330 ina kama gramu 35 za sukari, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza, pamoja na ile ya juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Soda moja imeshakupitisha kabla hujala kitu.

Sasa twende kwenye vile vinavyoitwa vya afya.

Juisi halisi. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa ina gramu 20 na kitu za sukari, na kuipata unakamua machungwa matatu hivi ambayo usingeyala yote kwa mpigo. Ukila chungwa lenyewe unapata nyuzinyuzi, unatafuna, unashiba, sukari inaingia taratibu. Tunda zima kula, mawili au matatu kwa siku. Juisi acha, hata kama umeikamua wewe mwenyewe na hujaongeza chochote.

Asali. Karibu asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, na kwa kuwa ni nzito, kijiko cha chai cha asali kina sukari nyingi kuliko kijiko bapa cha sukari yenyewe. Najua hii inauma. Asali inaweza kuwa na mambo yake mazuri lakini kwenye trigliseraidi inahesabika kama sukari, na sukari ya kahawia hivohivo.

Yogati za matunda, vinywaji vya kuongeza nguvu, maziwa yenye ladha, chai za chupa. Geuza pakiti usome. Uingereza wana kipimo kizuri cha kutumia: kwenye chakula, sukari zaidi ya gramu 22.5 kwa kila gramu 100 ni nyingi, gramu 5 kushuka chini ni kidogo. Ukiona dekstrosi, sirapu ya glukosi, fruktosi au maltodekstrini kwenye viungo, jua ni sukari au wanga mwepesi uliobadilishwa jina. Na kuwa makini na maandishi ya "haina mafuta" kwa sababu mara nyingi mafuta yametolewa, sukari imeongezwa ili kitu kiwe na ladha.

Pombe nayo iko hapahapa. Ini likipata pombe linaacha kuchoma mafuta na kuanza kuyatengeneza. Ukiwa 500 na kuendelea ni sifuri, hakuna cha "moja tu", na hakuna aina iliyo salama kwa kuwa kiini cha tatizo ni pombe yenyewe. Chini ya hapo, acha kabisa kwa wiki zile za kwanza uone namba inasemaje, utajifunza mengi kuhusu mwili wako. Ila kama unakunywa kila siku na ukikosa unatetemeka au unatoka jasho, usiache ghafla mwenyewe, nenda hospitali usaidiwe.

Umefanikiwa kama: wiki mbili zimepita na unachokunywa ni maji, maziwa yasiyo na sukari, chai au kahawa bila sukari. Siku za kwanza chai itakuwa haina raha, punguza nusu kijiko kila baada ya siku kadhaa kama huwezi kukata mara moja, ulimi unazoea.

## Hatua ya 5: Wanga upungue, usife

Mchele, mkate, viazi, tambi, unga wa aina yoyote, vyote vinaishia kuwa glukosi. Shida kubwa ni kiasi, na kukobolewa kunaongezea. Gawa sahani: nusu mboga, robo protini, robo wanga. Hiyo robo kwa watu wengi ni kama ukubwa wa ngumi yako, na ukiiona mara ya kwanza utadhani mtu amekufanyia mzaha.

Nafaka nzima ni bora kuliko iliyokobolewa kwa sababu inameng'enywa taratibu, ila nafaka nzima iliyojaa sahani bado ni wanga uliojaa sahani. Na usiweke mkate, viazi na wali kwenye mlo mmoja alafu ukasema umekula mboga.

Jioni punguza zaidi. Sio kwamba chakula cha usiku kina laana, ni kwamba watu wengi mlo wao mkubwa kuliko yote ni ule wa mwisho, wanaumalizia na kitu kitamu, wanalala.

Onyo: kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari vya jamii ya glibenklamidi, ukikata wanga ghafla sukari inaweza kushuka hadi ukazimia. Ongea na daktari kwanza wapunguze dozi.

## Hatua ya 6: Mafuta, na hapa makundi yanatengana

Kama uko chini ya 500: usiogope mafuta yote, badilisha aina. Punguza siagi, samli, mafuta ya mgando, ngozi ya kuku na nyama zenye mafuta, weka mafuta ya mimea ya maji kama zeituni au alizeti, parachichi, karanga na njugu zisizokaangwa kama kiganja kimoja kwa siku. Ukikata mafuta yote huku umeshikwa na njaa, pengo utalijaza kwa mkate, na mlo wa mafuta kidogo sana wenye wanga mwingi unapandisha trigliseraidi. Ndo ule mtego niliouanza nao juu.

Kama umevuka 1000: sahau aya iliyopita. Ile foleni imejaa, kwa hiyo mafuta yoyote, hata yale "mazuri", yanaongeza msongamano. Parachichi, zeituni, karanga, vyote vinasubiri. Kawaida mafuta yanabanwa hadi asilimia 10 mpaka 15 ya nishati, yaani kama gramu 20 hadi 30 kwa siku nzima, hadi namba ishuke. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni gramu 14, viwili tu vimemaliza siku. Hii ifanye na mtaalamu wa lishe, maana ni ngumu na huwezi kukaa nayo kwa kubahatisha. Ukiwa kati ya 500 na 1000, bana mafuta pia, kiasi gani daktari atakwambia kulingana na historia yako.

Samaki wenye mafuta kama sadini, makareli na salmoni mara mbili kwa wiki ni wazo zuri kwa kundi la kwanza. Waoke au wachemshe, ukiwatumbukiza kwenye mafuta ya moto umeharibu nusu ya kazi.

Alafu suala la vidonge vya mafuta ya samaki. Omega 3 za EPA na DHA, yaani zile za kwenye mafuta ya samaki, zinashusha trigliseraidi kweli, lakini kwa dozi ya gramu 2 hadi 4 za EPA na DHA kwa siku. Kidonge cha kawaida kilichoandikwa miligramu 1000 mara nyingi kina kama miligramu 300 tu za hivyo viwili, mengine ni mafuta mengine. Kimoja kwa siku hakikupeleki mbali, na ukijipa kumi na kitu unajiingiza kwenye dozi ya hospitali bila usimamizi, wakati dozi hizo zinaweza kuongeza hatari ya mapigo ya moyo kwenda ovyo. Usijaribu kuifikia kwa mafuta ya ini la chewa, vitamini A yake ikizidi ni sumu. Na mbegu za chia na kitani ni nzuri kwa nyuzinyuzi ila omega 3 yake ni ya aina nyingine, haishushi trigliseraidi kama ya samaki.

## Hatua ya 7: Utumbo, yaani sehemu iliyojaa uongo kuliko zote

Kwanza kazi yake halisi. Ukila mafuta, nyongo kutoka kwenye ini inayavunja kuwa matone madogo, kongosho linaleta kimeng'enya cha kuyakata, utumbo mwembamba unayafyonza. Nyongo yenyewe haitupwi, asilimia 95 hivi inafyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji zinanasa sehemu ya nyongo na kuitoa na choo, ini linalazimika kutumia kolestro kutengeneza nyingine. Pia zinafanya sukari ifyonzwe taratibu, na hii ndo inayogusa trigliseraidi. Zikifika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha na kutoa asidi ndogondogo za mafuta kama butireti ambazo seli za utumbo zinazitumia kama chakula.

Niseme ukweli: nyuzinyuzi zinashusha LDL zaidi kuliko trigliseraidi. Nguvu yake kwako ni kwamba zinakushibisha na kuchukua nafasi ya wanga mwepesi.

Lenga gramu 25 hadi 30 kwa siku. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 7, tufaha na ganda lake kama 4, gramu 40 za oti kavu kama 4. Dengu, mbaazi, mboga za majani na karoti ongeza humo. Panda polepole, kama gramu 5 kila wiki, na maji ya kutosha. Wanaoruka kutoka 10 hadi 30 kwa siku moja ndo wale wanaojaa gesi, tumbo linavimba, wanasema maharage hayawapendi na wanaacha kila kitu. Loweka maharage usiku, mwaga yale maji, yapike yaive kabisa.

Ukitumia unga wa isabgoli (nyuzinyuzi za maganda ya mbegu), kunywa na glasi nzima ya maji, na uache masaa mawili kati yake na dawa zako, manne kama ni dawa ya thairoidi. Kama una shida ya kumeza au utumbo uliwahi kuziba, usiutumie bila daktari. Vidonge vya bakteria wazuri sikushauri utupie hela yako huko kwa ajili ya trigliseraidi, ushahidi bado ni mdogo. Yogati isiyo na sukari inatosha.

Sasa yale ya kuacha:

Chai na dawa za "kusafisha mafuta". Nyingi ni za kuharisha tu. Kuharisha kunatoa maji na chumvi, mafuta ya kwenye damu hayapiti huko. Mzani ukishuka kilo mbili asubuhi ni maji.

Kunywa glasi ya mafuta ya zeituni na limao kutoa mawe ya nyongo. Vile vijiwe vya kijani laini vinavyotoka ni sabuni iliyotengenezeka tumboni kutokana na yale mafuta na limao, sio mawe. Kwa mtu mwenye trigliseraidi za juu sana, mafuta yote hayo kwa mkupuo ni kulikaribisha kongosho livimbe.

Kufurahia choo chenye mafuta. Choo kinachoelea, kinang'aa mafuta, kinanuka vikali na hakisafishiki kirahisi sio dalili kwamba mafuta yanakutoka. Ni dalili kwamba chakula hakifyonzwi, huenda kongosho au njia ya nyongo ina tatizo. Kikiendelea, nenda kapimwe.

Umefanikiwa kama: unapata choo laini bila kusukuma, gesi imetulia baada ya wiki kadhaa, na njaa ya saa kumi jioni imepungua.

## Hatua ya 8: Tembea, na uzito ushuke kwa adabu

Misuli inayofanya kazi inachukua trigliseraidi kutoka kwenye damu na kuzichoma, na mazoezi ya leo yanapunguza jinsi mafuta yatakavyopanda baada ya mlo wa kesho. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka kiasi cha kuhema ila bado unaweza kuongea. Kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula kunasaidia sukari pia. Faida hii inaisha ukiacha, kwa hiyo mara tano fupi ni bora kuliko moja ya kujiua Jumamosi.

Kama una uzito wa ziada, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kushusha trigliseraidi kwa asilimia 20 hivi. Mtu wa kilo 90 ni kilo 4.5 hadi 9. Usizidishe kilo moja kwa wiki, maana kupungua haraka kunaleta mawe ya nyongo, na mawe nayo yanaweza kuziba na kuvimbisha kongosho. Kiuno kipime kila wiki mbili, mara nyingi kinasema ukweli kabla ya mzani.

## Hatua ya 9: Rudia kipimo na usome majibu vizuri

Rudi baada ya wiki 6 hadi 12, maabara ileile kama inawezekana, kufunga kulekule. Aliye 500 na kuendelea anarudi mapema zaidi kama alivyopangiwa.

Kushuka kwa chini ya asilimia 20 inaweza kuwa ni ule mchezo wa kawaida wa namba, endelea bila kubadilisha mpango. Ukichanganya sukari, pombe, uzito na kutembea, nusu ya namba inaweza kuondoka, na wanaoanzia juu ndo wanaona mabadiliko makubwa.

Angalia na vingine. HDL mara nyingi inapanda kidogo trigliseraidi zikishuka. LDL inaweza kuonekana imepanda, hasa kwa aliyekuwa juu sana, na pia LDL ya kupigiwa hesabu haiaminiki trigliseraidi zikivuka 400. Kwa hiyo toa HDL kwenye kolestro ya jumla, hiyo namba inayobaki mwambie daktari aiangalie, inabeba mafuta yote mabaya kwa pamoja.

Kama umefanya kweli na namba bado iko juu, dawa sio kushindwa. Statini ndo za kwanza kwa kulinda moyo na zinashusha trigliseraidi kiasi, faibreti kama fenofibreti zinashusha zaidi na hutumika hasa kulinda kongosho. Gemfibrozili na statini zisichanganywe, misuli inaweza kuharibika. Ukiwa kwenye dawa hizi ukaona maumivu ya misuli yasiyoeleweka na mkojo wa rangi ya chai iliyokolea, piga simu hospitali siku hiyohiyo.

Na kama wewe ni mwembamba, hunywi, sukari na thairoidi ziko sawa, ila namba yako imekaa juu ya 500, hiyo inanuka urithi. Waambie ndugu zako wa damu na watoto wako wakapimwe, hata kama hawaumwi popote.